Masikio Yetu na Ndimi za Majirani



Leo tuzungumze juu ya maneno tunayoyasikia sokoni na penye bomba la maji hapa Kolwezi. Mmoja anasema, "Tshiluba ni lugha ya kugombana." Mwingine anajibu, "Lingala ni ya askari." Wa tatu anacheka Kisanga, eti ni cha porini. Madereva wa malori kutoka Tanzania nao wakitusikia tukisema "mutoto yangu" wanashika mbavu, na sisi tunasema Kiswahili chao ni cha vitabu. Kucheka hivyo hakudhuru sana. (Mimi napenda kusikia Kiswahili cha Unguja, hata kama sikifuati chote.)

Lakini tuulize: ubaya uko katika lugha, ao katika sikio? Chukueni Lingala. Wakati wa Mobutu ilikuwa lugha ya jeshi. Watu wengi wa Shaba waliisikia penye kizuizi cha barabara, askari akidai makaratasi, wakaiona kali. Jioni, watu wale wale walicheza muziki wa Franco, na Lingala ikawa tamu. Lugha ilikuwa ile ile. Aliyebadilika ni msemaji, na kile alichotaka kwao.

Sikilizeni tena salamu. Mchokwe anakusalimu, "Moyo." Mluba wa Kasai naye anasema, "Moyo." Neno ni moja, na Kiswahili pia kinalo. Hata hivyo, wako watu wanaoitika la kwanza kwa furaha, na la pili linawakunja uso. Hapo sikio limesikia kabila tu.

Na hapo ndipo mchezo unapokwisha. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani, wakamwambia kila apitaye atamke neno "Shibolethi". Mwefraimu alisema "Sibolethi", akauawa. Kitabu kinataja watu 42,000. Sasa, katika Tshiluba, s ikitangulia i husikika kama sh. Aliyekulia kwa lugha hiyo anaweza kusema "shishi" akitaka kusema "sisi". Tofauti ni ile ile ya Yordani, imegeuzwa tu.

Mwaka 1992 kule Likasi, kisha 1993 hapa Kolwezi, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa. Makumi ya maelfu walilala penye stesheni na katika nyumba za masomo, wakingoja gari la moshi. Waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Wengi walizaliwa hapa hapa, wana na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière kuchimba shaba. Wengine hawakuwa wameiona Kasai hata siku moja, na Kiswahili chao kilikuwa cha Kolwezi kabisa. Matamshi hayo mazuri hayakuwaokoa. Basi wale waliokuwa wakisema, "Hatuwapendi kwa sababu ya namna wanavyosema," walikuwa na sababu nyingine: kazi, nyumba, cheo.

Wakuu wa mitaa, mnapoandika majina ya familia zilizofika, zile za vita ya Kamuina Nsapu iliyoanza 2016 na nyingine zote, ulizeni watoto ni wangapi na wanalala wapi. Anayeandikwa wa mwisho kwa sababu ya ulimi wake analijua jambo hilo kabla hajafika nyumbani. Walimu, mtoto wa "shishi" asisimamishwe mbele ya darasa ili wenzake wacheke.

Na ninyi mliofika, kuna neno lenu pia. Msiseme bombani kwamba wenyeji wanalia kama ndege wanaposema Kisanga ao Kilunda. Mama aliye nyuma yenu na ndoo yake anasikia, na pengine ndiye mwenye nyumba mnamolala.