Seksio si kifungo: kujitayarisha kwa mtihani wa optometri
Maneno kwa vijana wa Tshangalele, Likasi



Kuna swali moja linarudi kila tukikutana: "Mimi nilimaliza Komersiale. Naweza kweli kujaribu mtihani wa kuingia masomo ya optometri?" Mwengine anatoka Pedagojia, mwengine Ushonaji. Leo tujibu bila kudanganyana.

Optometri ni kazi ya kupima macho na kuandikia mtu miwani, ao lineti kama tunavyosema kwetu. Munganga anayepasua macho ni mwengine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema watu wasiopungua miliari 2.2 wana shida ya kuona, na kwa miliari 1 kati yao shida hiyo ingeweza kuzuiwa ao haijatunzwa bado. Wengi wanakosa lineti tu. Mtoto asiyeona ubao, darasani wanamwita mujinga. Hana ujinga, hana lineti. Ndiyo maana jambo hili ni la raia, si la mtu mmoja anayetafuta kazi.

Sasa, seksio. Wengi wetu tuliwekwa kwenye seksio tukiwa watoto, mara nyingi sababu ndiyo ilikuwa kwenye shule ya karibu, ao minervali yake baba aliiweza. Hiyo si hukumu ya maisha. Lakini tusidanganyane: masomo ambayo hukusoma, mtihani utakuuliza vilevile.

Jambo la kwanza: uliza mbele ya kulipa. Je, chuo kinapokea diploma ya seksio yako? Vyuo vya majirani vinavyofundisha optometri, kama KCMC kule Moshi, Makerere kule Kampala na Masinde Muliro kule Kakamega, vinafundisha kwa Kiingereza, na vinaangalia alama za sayansi kwenye cheti chako. Uliza kwa barua, upate jibu lililoandikwa. Falanga ya kujiandikisha bila risiti, usitoe.

Jambo la pili: anza na mwangaza. Azima daftari za fizikia kwa ndugu aliyesoma Biokimia. Kisha enda ku ziwa. Mvuvi wetu anajua kwamba samaki haiko pale macho yanapoiona, iko chini zaidi. Akitaka kuichoma, analenga chini yake. Mwangaza ukitoka ndani ya maji kuingia hewani, unapinda. Kioo cha lineti kinafanya kazi kwa sheria ileile. Sura nzima ya kitabu iko mbele ya nyumba zetu.

Jambo la tatu: hesabu usiiogope. Nguvu ya kioo inapimwa kwa dioptria: 1 gawanya kwa umbali ambapo mwangaza unakutana, na umbali huo uwe kwa metre. Kioo kinachokusanya mwangaza ku sentimetre 50, hiyo ni metre 0.5. 1 gawanya kwa 0.5 ni dioptria 2. Ku sentimetre 25 ni dioptria 4. Kosa la wengi ni kugawanya 1 kwa 50 bila kugeuza kuwa metre. Wewe wa Komersiale uliyezoea asilimia na faida, hesabu hii ni ndogo kwako.

Jambo la nne: jicho lenyewe. Chora jicho mpaka ulichore bila kuangalia kitabu. Asiyeona mbali, mwangaza unakutana mbele ya retina, anahitaji kioo kinachotawanya. Mama aliyepita miaka 40, anayesogeza Biblia mbali ili asome, lensi ya jicho lake imekuwa ngumu, anahitaji kioo kinachokusanya. Ukielewa hayo mawili, mengine yatashika. Kisha ongeza biolojia ya seli na kemia ya mwanzo.

Saa 2 kwa siku, siku 5 kwa juma, miezi 6: zinafika saa 260. Hakuna miujiza ndani yake, kuna kichwa ngumu tu.

Mtatuambia: "Na umeme?" Kweli. Ziwa hili lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha, ku mto Lufira, na umeme wake unatoka pale tangu mwaka 1930. Karibu miaka mia moja, na mwanafunzi wa hapa bado anasoma na tochi ya simu. Hiyo tutaendelea kuisema kwa sauti, bila kutupa jiwe hata moja.

Basi tunadai mambo matatu. Vyuo vibandike ku ukuta masharti na programu ya mtihani, kila mtu aone. Bei ijulikane na risiti itolewe. Na shule zenye umeme zifungue darasa moja jioni kwa wanaojisomea.

Sisi pia tuna deni. Akija mtu kukuuzia maswali ya mtihani, usinunue. Siku moja utashika kioo mbele ya jicho la mama ya mtu. Pale hakuna wa kukunong'onea jibu.

Jumamosi hii tunaanza kikundi. Wa Biokimia, mulete daftari zenu. Wengine, mulete maswali. Tutaanza na dioptria.