Mapovu ndani ya Plastiki
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa tawi)



Wengine mtauliza, mtu wa reli ana habari gani na plastiki? Jambo hili lilinifika nyumbani. Ndugu yangu mdogo hufanya kazi katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, na mashini yake hutoa mbao za meza za plastiki, nene, zenye povu ndani ili ziwe nyepesi. Mwisho wa mwezi mmoja alikuta mshahara umekatwa. Nyapara akamwambia, "Umeharibu mali, mbao zako zimevimba migongo." Ndugu yangu hakuwa na la kujibu, maana hata yeye hakujua povu lile hutoka wapi. Basi tukaanza kuuliza mafundi, mimi na yeye, jioni baada ya jioni.

Watu hudhani mashini hupuliza hewa ndani ya plastiki kama mtoto apulizavyo mpira. Sivyo. Gesi huchanganywa na plastiki iliyoyeyuka chini ya presha kubwa sana, hata ikapotea humo kama sukari katika chai. Tazameni chupa ya soda iliyofungwa: imetulia, huoni povu lo lote. Ng'oa kizibo, na mapovu yanapanda. Gesi ilikuwamo tangu mwanzo, ila ilikandamizwa. Kwetu katika reli, presha ya bomba ikishuka, breki hukamata magurudumu. Kwao, presha ikishuka, mapovu huzaliwa.

Nayo hushuka pale plastiki inaposukumwa kwa nguvu kuingia ndani ya kalibu. Kalibu haijazwa yote. Huachwa nafasi, na povu lenyewe ndilo huijaza. Lakini povu halianzi po pote tu. Likiwa dogo mno, plastiki hulibana likafa. Likipita kipimo fulani, hukua. Kwa hiyo mafundi hutia unga laini, kama ule wa poda ya watoto, ili gesi ipate mahali pengi pa kushika. Tena presha ikishuka kwa ghafula mapovu huwa mengi na madogo. Ikishuka polepole huwa machache na makubwa.

Plastiki inayogusa chuma baridi cha kalibu huganda upesi, ikawa ngozi ngumu. Katikati hubaki moto, na hapo ndipo penye maneno. Povu halipitishi joto vizuri, ni kama blanketi. Ubao wa namna hii unataka muda mrefu wa kupoa. Ukiutoa mapema, ngozi bado laini na gesi ya ndani bado inasukuma, basi utavimba mbele ya macho yako, umekwisha kutoka kwenye kalibu.

Je, saa ya kupoa iliwekwa na nani? Si ndugu yangu. Ilipunguzwa na wakubwa ili zamu itoe mbao nyingi zaidi. Siku moja fundi wa zamu alikubali kuirudisha kama zamani kwa mbao kumi, na zote zikatoka zimenyoka. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la makusudi. Makusudi, ndugu zangu! Barua ya chama imekwenda pamoja na ubao mmoja uliovimba na mmoja ulionyoka. Fedha bado hatujaziona.

Kuna neno jingine, nami naliona kubwa kuliko mshahara. Viwanda vingine hutumia gesi ya nitrojeni kutoka katika mitungi. Vingine hutumia unga unaogeuka gesi kwa joto. Mmoja ni wa rangi ya manjano, huitwa azodikabonamidi, nao huvunjika kwenye joto la nyuzi 200 hivi. Ndani ya mashini kazi yake ni njema. Vumbi lake likivutwa kifuani siku kwa siku laweza kuleta pumu, na mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliuandika katika orodha ya vitu vya kuogopwa kwa sababu hiyo. Anayefungua gunia na kumimina ndiye anayeuvuta, naye mara nyingi ni kibarua asiye na kitambaa cha pua, wala kitambaa peke yake hakitoshi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama po pote penye watu 20 au zaidi. Kwa ndugu yangu kamati hiyo haipo. Wale wa viwanda vya plastiki mlio hapa, nitawangoja mlangoni baada ya mkutano, mniambie unga wenu una rangi gani, na ni nani anayeumimina.