Ramani ya Mafuriko Isifungiwe Kabatini



Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, ni nchi ya vilima virefu vilivyotenganishwa na mabonde. Vilimani kuna migomba na kahawa. Mabondeni kuna unyevu unaomwokoa mkulima wakati wa kiangazi. Magharibi unapita Mto Kagera, ambao hukusanya maji ya Rwanda na Burundi kabla ya kufika huku. Kwa hiyo mto huo waweza kujaa Kyerwa hali Kyerwa kwenyewe mvua haikunyesha. Hatari ya namna hiyo haionekani kwa kutazama mawingu ya kijijini.

Hapo ndipo setilaiti inapofaa. Tangu mwaka 2014 setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1 hupiga picha kwa rada, ambayo hupenya mawingu na hufanya kazi usiku na mchana. Maji yaliyotulia huonekana meusi katika picha hizo, nazo hutolewa bure. Vipimo vya mwinuko wa ardhi vilichukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000. Mfumo wa taarifa za kijiografia huviweka vyote pamoja, tabaka juu ya tabaka: mto, mwinuko, barabara, zahanati na shule. Ndipo hujulikana ni shule ipi iliyojengwa katika njia ya maji.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba setilaiti inajua yote. Katika vinamasi vya mafunjo maji hujificha chini ya majani, na rada hudanganyika. Tena setilaiti hurudi mahali pamoja baada ya siku kadhaa, na mafuriko ya ghafla huweza kuja na kuondoka katikati ya siku hizo. Hapo shahidi ni mzee anayekumbuka maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifika mti gani. Mwalimu wa Jiografia na wanafunzi wake waweza kuziandika kumbukumbu hizo. Dar es Salaam, katika kazi ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015, wanafunzi na wananchi walipita mtaa kwa mtaa wakichora nyumba na mitaro.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati hiyo haina budi kuwa na ramani yenye majina ya mahali kama wenyeji wanavyoyataja, nayo itazamwe kabla ya kugawa kiwanja au kuchimba msingi wa darasa.

Lakini ramani ni ya kumwonya mkulima, si ya kumfukuza. Anayelima bondeni hafanyi hivyo kwa ujinga. Anafuata chakula cha watoto wake. Kumwambia ahame bila kumwonyesha pa kulima ni kumtoa kwenye maji na kumtia katika njaa. Apewe kwanza habari mapema: wapi alime na kuvuna kabla ya masika, na wapi asijenge kamwe. Ramani iliyofungiwa kabatini mwa ofisi ya wilaya haijamwokoa mtu.