Mchanga Uliochimbuliwa Utupwe Wapi?

Chisenga ni kisiwa cha wavuvi wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, karibu na mahali Mto Luapula unapoingia katika Ziwa Mweru. Ng'ambo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hapo mto hupunguza mwendo na kutua mzigo wake wa mchanga na tope. Njia za maji zinapojaa, mitumbwi hukwama, na wananchi hudai zichimbuliwe. Dai hilo ni la haki. Lakini swali la mahali pa kuutupa mchanga huo aghalabu huulizwa baada ya kazi kwisha.

Chini ya maji yaendayo kwa nguvu, mchanga haulali sawasawa kama sakafu. Mkondo huupanga katika matuta, upande mmoja wenye mteremko mpole na wa pili mkali. Chembe husukumwa hadi kileleni, kisha huporomoka upande wa pili, na hivyo tuta zima huhama polepole kufuata mkondo. Matuta hayo hupunguza kasi ya maji. Mchanga mwingi ukimwagwa juu yake, mabonde ya katikati hujaa na maji hupita kwa kasi zaidi. Ukiwa wa aina ileile, mkondo waweza kuyajenga matuta upya. Likiwa ni tope, viumbe wadogo wanaoliwa na samaki hufukiwa.

Katika mlango wa Mto Scheldt, njia ya meli ziendazo Antwerp, mwaka 2004 mita za ujazo 500,000 za mchanga ziliwekwa kwa uangalifu kando ya fungu la Walsoorden, kisha zikafuatiliwa kwa vipimo. Sehemu kubwa ilibaki palipokusudiwa. Katika Mto Kongo, baina ya Boma na bahari, mafungu huhamahama na huchimbuliwa tena na tena ili meli zifike Matadi. Maji ya Chisenga hupita huko, kwa njia ya Luvua na Lualaba. Mchanga wake, la. Huo huzuiliwa na ziwa, na kosa linalofanywa kwenye mlango wa Luapula hubaki palepale.

Wavuvi wa Mweru wanajua hasara ya kuchelewa. Samaki aitwaye mpumbu, aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga wakati wa mafuriko, alikuwa karibu kutoweka ilipofika miaka ya 1950, kwa kuvuliwa kupita kiasi.

Mkataba wa London wa mwaka 1972 kuhusu utupaji wa taka baharini hauyagusi maji ya ndani ya nchi. Kwa hiyo ulinzi wa mlango huo ni juu ya Lusaka na Kinshasa. Yafaa kina kipimwe kabla na baada ya kazi, uchimbaji usifanywe katika miezi ya Desemba hadi Februari ambayo uvuvi hufungwa, na wavuvi wa Chisenga waulizwe samaki hutaga wapi kabla shehena ya kwanza haijamwagwa.