Homa ya ini C: Misri wametibu, sisi twangoja nini?



Nianze na Misri. Kuanzia miaka ya 1950 serikali yao ilipigana na kichocho, hiki hiki tunachokijua sisi Pwani, kwa kuwadunga watu sindano vijijini. Nia ilikuwa njema. Lakini sindano moja ilipita kwa wengi bila kusafishwa sawasawa, na virusi vya homa ya ini C vikawaingia mamilioni. Na wale hakuna aliyewaita wahuni.

Mwaka 2014, Marekani ilikuwa ikiuza dawa mpya dola 84,000 kwa wiki 12. Misri ikabishana bei, ikaipata kwa dola 900, kisha wakatengeneza yao kwa bei ya chini zaidi. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 wakapima takriban watu milioni 50. Wagonjwa wakatibiwa bure.

WHO inakadiria watu milioni 50 duniani wanaishi na maradhi haya, na mwaka 2022 yaliua kama 242,000. Ini laota makovu kimya kimya, hata miaka 20, na mtu hajui. Chanjo haina (ile mnayoisikia ni ya aina ya B, msichanganye). Lakini vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya 95 katika kila 100.

Sasa tuje kwetu. Wanaoumia zaidi ni ndugu zetu wanaojidunga unga, hapa Mombasa, Malindi, Lamu. Kijana aenda kliniki, aambiwa, "Acha unga kwanza, ndio urudi." Wallahi hilo si sharti la kitabibu! WHO yenyewe inasema atibiwe hata kama bado anatumia.

Na nyinyi mnaosomea udaktari na uuguzi: kipimo cha kwanza chaonyesha kingamwili tu, yaani mtu aliwahi kuambukizwa. Huenda mwili ulijisafisha wenyewe, huenda alishatibiwa. Msimwambie ni mgonjwa kabla ya kipimo cha pili, kile kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya. Hakikuandikwa "isipokuwa teja." Akifukuzwa mwenzenu, rudini naye. Andikeni siku, saa na alichoambiwa, mtuletee.

Haya, maswali.