Reli ya Musongati na Msafiri wa Bujumbura



Burundi haijapata kuwa na reli. Tangu mwaka 1914, reli ya kati ilipofika Kigoma, mizigo ya Bujumbura imekuwa ikiteremshwa katika behewa na kupakiwa melini. Sasa hali hiyo yaelekea kubadilika. Januari 2022 Serikali za Burundi na Tanzania zilitia sahihi makubaliano ya kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati, na Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha dola zipatazo milioni 696 kusaidia kazi hiyo. Musongati kuna nikeli. Hapana wa kulaumiwa kwa hilo, kwani mkopo hulipwa kwa mzigo.

Lakini yuko mwingine angojaye. Ni mchuuzi wa Gatumba, fundi wa Kinama, karani wa Kanyosha. Tangu mwaka 2021 petroli imeadimika mara kwa mara, na Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya mji. Basi likikosa mafuta, watu hao hurudi makwao kwa miguu. Aendaye Gatumba hutembea zaidi ya kilomita kumi, na mara nyingi giza humkuta njiani. Mshahara wake haujui kwamba amechelewa kwa sababu ya petroli.

Dar es Salaam ilipata taabu ya namna hiyo. Oktoba 2012 ilianzisha treni ya abiria wa mjini, nayo haikungoja reli mpya. Ilitumia njia ya zamani ya reli ya kati hadi Ubungo, na ile ya TAZARA upande wa pili. Treni hizo hazikumaliza msongamano, wala hakuna aliyetarajia hivyo, lakini maelfu ya watu walifika kazini. Njia ilikuwapo kwa sababu ardhi yake ilitengwa zamani, mji ungali mdogo.

Hapo ndipo penye jambo la Bujumbura. Reli ikifika Gitega, itabaki milima. Barabara ya Bugarama peke yake huteremka kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi ziwani, kama mita 775, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 35. Kuipitisha treni huko ni kazi ya miaka na fedha nyingi. Bonde la Imbo, kinyume chake, ni tambarare kutoka Rumonge hadi Cibitoke, na Bujumbura iko katikati yake. Adui wa huko ni maji. Aprili 2020 mto Rusizi uliifurika Gatumba, kwa hiyo tuta la reli halina budi kuinuliwa.

Ukanda huo waweza kupimwa na kuwekewa mipaka sasa, kabla hata ya kununuliwa taruma moja. Viwanja vyaendelea kugawiwa, na kila nyumba itakayosimama juu ya njia hiyo itadai fidia siku ya kubomolewa.