Habari Nayo Iwe na Risiti
(Mazungumzo kwa wanachama wa mitaa ya Eastlands)



Wazee wetu waliokaa Pumwani zamani za ukoloni walikuwa na neno moja la kutisha watu usiku: wazimamoto. Ilisemwa kwamba watu wa gari la kuzima moto humkamata Mwafrika anayetembea peke yake, wakamtia shimoni na kumtoa damu ikafanywe dawa. Pwani na Tanganyika habari hiyo iliitwa mumiani.

Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo, mengine kwa wazee wa Nairobi, akayatoa katika kitabu mwaka 2000. Wengi walieleza waliyoyasikia. Wengine walisema waliponea chupuchupu. Shimo lenyewe halikuonyeshwa.

Sisi hatuwacheki wazee. Serikali ya wakati ule ilimtoza Mwafrika kodi, ikamvika kipande shingoni, na ujira ulikuwa haba. Mtu anyonywaye jasho kila siku, akiambiwa kwamba ananyonywa na damu, haoni ajabu. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, lakini habari ilikuwa ya uwongo. Tena aliyeogopwa na kuchukiwa ni mzimamoto, mfanya kazi kama sisi. Wakubwa waliopanga ujira hawakuguswa.

Leo katika Kaloleni, Jericho na Dandora habari hupita katika simu. Picha ya mtu yatumwa, chini yake imeandikwa "mwizi wa watoto". Kabla ya chai ya saa nne imekwisha fika kazini, mtaani na kanisani. Watu wakishaokota mawe, hakuna aulizaye ilianzia wapi, na aliyepigwa akifa hafufuki.

Basi tukubaliane maswali matatu. Nani aliyeona kwa macho yake? Wapi, na siku gani? Picha hii ilitumika wapi kabla ya leo? Hili la mwisho simu yenyewe yaweza kulitafuta. Vijana wawaonyeshe wazee. Wako pia watu wa kuhakiki habari, kama Africa Check na PesaCheck. Asiyepata jibu asiipeleke mbele. Na mwenye shaka juu ya mtu aende polisi, asiite umati.

Katika chama hatupokei hesabu ya fedha bila risiti. Habari inayoweza kumwua mtu tusiipokee bila risiti yake.